Mvua ya mawe jijini Kampala

Mvua ya mawe jijini Kampala ni tukio la nadra ambapo vipande vigumu vya barafu huanguka pamoja na mvua ya radi katika mji mkuu wa Uganda. Kwa kawaida hudumu dakika chache, na huweza kupiga mtaa mmoja na kuuacha wa jirani. Mawe yakianguka kwa wingi, barabara, nyasi na mapaa hugeuka meupe, na watu wengi husema wameona theluji. Lakini Kampala haina theluji. Weupe huo hutokana na mawingu makubwa ya radi yanayolishwa na jua la ikweta na unyevu wa Ziwa Viktoria.

Mahali na majira

Kampala iko kilomita zipatazo 35 kaskazini mwa ikweta, karibu na ufuko wa ziwa, juu ya vilima vyenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwinuko huo unapunguza ukali wa joto: mchana hufika nyuzijoto 27 au 28, na usiku hushuka hadi karibu 17. Mvua kubwa hunyesha katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba.

Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ndilo linaloendesha sehemu kubwa ya hali ya hewa ya jiji. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara ukiwa umebeba unyevu. Ukikutana na hewa ya moto juu ya vilima, hewa hupanda kwa nguvu na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Usiku mwelekeo hugeuka: pepo za nchi kavu huingia ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji na kuzua dhoruba ambazo ni hatari kubwa kwa wavuvi.

Uganda ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi zaidi duniani. Mji wa Tororo, ulio mashariki, ulirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976.

Jinsi mawe yanavyoundwa

Katika ukanda wa ikweta, hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha mita 4,500 hadi 5,000. Wingu la radi hupanda mbali zaidi ya hapo, mara nyingi kupita mita 12,000. Ndani yake matone ya maji huweza kubaki bila kuganda hata chini ya nyuzi sifuri. Kiini kidogo cha barafu kinapogongana nayo, matone hayo huganda juu yake, na upepo unaopanda ndani ya wingu hukishikilia huko juu hadi kiwe kizito mno.

Jiwe kubwa likikatwa katikati huonyesha historia hiyo. Matabaka meupe ni ya maji yaliyoganda ghafla na kufungia viputo vya hewa ndani. Matabaka angavu ni ya maji yaliyoganda polepole, hewa ikapata nafasi ya kutoka. Kwa hesabu za wataalamu wa hali ya hewa, barafu huitwa mvua ya mawe ikifikia kipenyo cha milimita 5.

Kwa nini si theluji

Chembe za theluji hujiunda juu ya Kampala pia, tena mara nyingi: sehemu kubwa ya mvua nzito za alasiri huanza kama barafu. Lakini kutoka kimo cha kuganda hadi kwenye vilima vya jiji kuna zaidi ya mita 3,000 za hewa yenye joto. Chembe ya theluji hushuka taratibu, yapata mita moja kwa sekunde, na huyeyuka ingali juu. Jiwe la sentimita moja hushuka mita 10 au zaidi kila sekunde, kwa hiyo huweza kufika chini kabla halijaisha.

Nyanda za juu hupigwa zaidi, kwa sababu huko safari ya mawe katika hewa yenye joto ni fupi. Katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, kumeripotiwa hadi siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja. Mwezi Septemba 2008, mteremko mmoja karibu na Nyahururu ulifunikwa na barafu nyeupe, na wakazi wakadhani ni theluji. Wataalamu wa Kenya walieleza kuwa yalikuwa mawe madogo yaliyorundikana na kushikana.

Theluji ya kweli ya Uganda iko yapata kilomita 300 magharibi mwa Kampala, katika safu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Barafu ya kudumu ya milima hiyo ilikuwa na kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906. Kufikia 2003 ilibaki chini ya moja. Hiyo ni hasara kubwa kwa nchi nzima, na zaidi kwa Wakonzo, wakazi wa milima hiyo, ambao katika imani zao za jadi theluji hiyo ni makao ya mungu Kitasamba.

Athari

Wakulima wa pembezoni mwa jiji ndio huumia zaidi. Jani la mgomba likipasuliwa na upepo, mpasuko hufuata mishipa yake na jani huendelea kufanya kazi. Lililopigwa na mawe hutoboka, na uti wake ukivunjika, jani hunyauka na mkungu hudumaa. Maua ya kahawa hupukutika, na mboga za majani huharibika kabla ya kufika sokoni. Mjini, barafu, majani na takataka huziba mifereji, na maji hujaa mabondeni, kama Bwaise na Kalerwe.

Hatari kubwa kwa uhai, hata hivyo, ni radi inayoandamana na mawe. Mwezi Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo.

Tahadhari na kumbukumbu

Ngurumo ikisikika, mahali salama ni ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Chini ya mti si kinga. Utabiri hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda. Hata hivyo, mvua ya mawe hupita katika ukanda mwembamba na huweza kukikosa kabisa kituo cha vipimo. Hata ikikiangukia, kipimamvua huhesabu maji yaliyoyeyuka tu. Kwa hiyo mkazi anayeandika saa, mtaa na kipenyo cha mawe, na kuyapiga picha kando ya rula, huacha kumbukumbu ambayo kipimamvua hakiwezi kuitoa.