Salaita Yatimiza Miaka 110, Kasigau Bado Yasubiri Jiwe

Kilima cha Salaita si kirefu. Anayetoka Voi kwenda Taveta kwa gari hukipita kwa dakika chache tu, kikiwa kimejitenga katikati ya nyika, na asipoambiwa na mtu hawezi kujua kwamba hapo ndipo jeshi la Mwingereza, watu wapatao 6,000, liliposhindwa na Wajerumani mchana kweupe. Ilikuwa Februari 12, 1916. Mwaka huu imetimia miaka 110.

Barabara hiyo, inayopita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni kabla ya kufika Taveta, sasa ni lami tupu, na kwa sababu hiyo ziara za viwanja vya vita zimekuwa rahisi kuliko zamani. Wageni, wengi wao kutoka Uingereza na Afrika Kusini, huja kutafuta mahali babu zao walipolala. Huoneshwa mahandaki yaliyojaa vichaka, ngome za mawe na makaburi. Karibu na Salaita huoneshwa pia mbuyu wenye makovu ya risasi. Inasimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza mmoja mmoja, kulipiza kisasi cha mumewe. Hadithi hiyo haikosi kusimuliwa, na wageni huipenda.

Mtu aliyeifanya historia hii ijulikane tena ni James Willson, ambaye kitabu chake *Guerrillas of Tsavo* kilichapishwa mwaka 2014, karne moja tangu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vianze. Viongozi wa ziara hukitegemea sana. Ni kazi ya mtu aliyeitembea nyika hii akitafuta maganda ya risasi na misingi ya kambi, na makala haya yana deni kwake.

Vita hivyo vilipolipuka Ulaya, havikukawia kufika Taita. Agosti 15, 1914, Wajerumani walivuka mpaka kutoka koloni lao, lililokuja kuitwa Tanganyika, na kuitwaa Taveta, wakaikalia hadi Machi 1916. Shabaha yao ilikuwa reli ya Uganda. Vikundi vidogo vya askari na wapagazi vilivuka nyika isiyo na maji, vikabeba baruti hadi relini, vikatega na kurudi. Wataveta, wenye ndugu na jamaa upande wa pili wa mpaka, walijikuta kati ya serikali mbili ambazo hawakuichagua hata moja.

Waingereza walijibu kwa reli nyingine. Februari 1915 mafundi wa Kihindi walianza kutandika mataruma kutoka Voi kuelekea magharibi, na kufikia Juni walikuwa wamefika Maktau. Maji yaliletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura, kwa kuwa bila maji ya Bura hakuna jeshi ambalo lingeweza kukaa Maktau hata juma moja. Voi, iliyokuwa stesheni ndogo tu, ikageuka ghala, hospitali na makaburi.

Katika makaburi ya vita mjini Voi amelala Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyezaliwa Melbourne. Septemba 3, 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni wakati kikosi chake kilipozidiwa. Wenzake walitaka kumbeba. Akakataa, akaomba aachwe na majeruhi wengine wasioweza kuondolewa, akitumaini kwamba kuwapo kwake kungewaokoa. Akauawa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 30. Mfalme wa Uingereza akampa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Kaburi lake linatunzwa, na jina lake linasomeka.

Ila kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kituo ni cha Salaita.

Mapema mwaka 1916 Waafrika Kusini walishuka Mombasa kwa maelfu, vijana weupe wenye afya ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona nyika. Waliowatangulia Maktau na Mbuyuni walikuwa wanajeshi wa Kihindi, waliokuwa wamepigana hapa zaidi ya mwaka mmoja. Wageni wale waliwadharau. Waliwaita makuli, na hawakuwaficha. Waliwadharau pia askari weusi waliokuwa wakiwangoja upande wa pili, wakidhani kwamba mtu mweusi hawezi kusimama mbele ya mzungu mwenye bunduki.

Jenerali Malleson wa Uingereza ndiye aliyeongoza shambulio la Salaita. Wapelelezi walimwambia kilima kina walinzi kama 300. Ukweli ni kwamba Meja Kraut wa Wajerumani alikuwa na zaidi ya 1,000 hapo, wengi wao askari Waafrika, na wengine karibu, upande wa Taveta. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele cha kilima asubuhi nzima. Mahandaki hayakuwa kileleni. Yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na miiba iliyopangwa kwa ustadi, na waliokuwamo ndani walisubiri kimya huku makombora yakiwapita juu ya vichwa.

Waafrika Kusini walisogea juani bila maji ya kutosha. Walipokaribia, bombomu zikafyatuka kutoka mahali ambapo hawakutarajia. Kisha askari wa Kijerumani, watu weusi wale wale waliodharauliwa, wakatoka vichakani na singe mikononi. Mistari ya Waafrika Kusini ikakatika. Wengi walirudi nyuma mbio, na zana zao zikabaki nyikani. Waliosimama kuzuia maangamizi walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130 cha jeshi la India. Waingereza walipoteza watu 172, waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na wengi wao walikuwa Waafrika Kusini.

Inasimuliwa kwamba baada ya mapigano Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bombomu walizoziacha, pamoja na barua fupi ya heshima yenye ombi moja: tangu leo msituite makuli. Wanahistoria wengi wameirudia barua hiyo, na ni haki yao. Katika vita vilivyojaa kiburi cha rangi, hapa nyikani kwetu kiburi hicho kilijibiwa kwa adabu.

Yaliyofuata yanajulikana. Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, alifika wiki moja baadaye, akazunguka upande wa kaskazini, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana. Taveta ilikombolewa Machi 10. Usiku wa Machi 11 kuamkia 12 damu nyingi ilimwagika kwenye vilima vya Latema na Reata. Baada ya hapo vita vilihamia Tanganyika, na kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, hakusalimu amri hadi Novemba 1918.

Hapa ndipo ziara nyingi humalizika, na hapa ndipo makala haya yanapoachana nazo.

Kusini mwa Voi uko mlima Kasigau, unaopita mita 1,600. Mwaka 1915, Wajerumani walipoishambulia kambi ndogo ya Waingereza iliyokuwa hapo, wakoloni wa Kiingereza waliwashuku wenyeji, Wataita, kwamba ndio waliowaongoza adui. Hakuna aliyesikilizwa. Nyumba zilichomwa, na jamii nzima, wanaume, wanawake, wazee na watoto, ikafukuzwa kwenye mlima wake na kupelekwa Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani na vijito vyake walitupwa kwenye joto la pwani na mbu wake. Malaria na njaa ziliwaua wengi. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi Kasigau hadi miaka ya 1930, karibu miaka ishirini baada ya kosa ambalo halikuthibitishwa.

Fikiria mtoto aliyeondoka mgongoni mwa mama yake. Aliporudi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, akarejea mlima ambao aliujua kwa masimulizi tu. Hilo nalo ni tukio la vita, tena kubwa kuliko Salaita kwa Mtaita. Lakini mgeni anaweza kumaliza siku mbili za ziara asiusikie mlima huo ukitajwa.

Wapagazi nao wamesahaulika hivyo hivyo. Kila risasi iliyopigwa mbali na reli ilibebwa kichwani na mtu. Serikali ya Uingereza iliandikisha wapagazi karibu milioni moja kwa vita vya Afrika Mashariki, na hata kwa hesabu zake yenyewe zaidi ya 90,000 walikufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao, na kwenye mnara wa barabara ya Kenyatta sanamu ya shaba ya mpagazi imesimama pamoja na ya askari. Majina ya wapagazi hayapo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Januari 2025 mnara mpya ulizinduliwa Cape Town kwa ajili ya zaidi ya 1,700 kati yao.

Voi ina haki ya kudai wake. Reli ilianzia hapa, na wapagazi walipanga foleni hapa. Kaunti ya Taita Taveta imekuwa ikivinadi viwanja hivi kama kivutio cha utalii, na ni jambo jema, kwa sababu fedha za wageni zinahitajika Maktau na Taveta. Lakini kumbukumbu ya Salaita ikiadhimishwa kwa mashada kwenye makaburi ya maafisa peke yake, kaunti itakuwa inawatunzia wengine historia yao huku yake ikiozea vinywani mwa wazee. Kazi ya kwanza ni kutuma watu Rukanga, Bungule na vijiji vingine vya Kasigau wakaorodheshe, ukoo kwa ukoo, majina ya waliofia Malindi kabla hayajapotea. Ya pili ni jiwe la kuyachonga, lisimame chini ya mlima wenyewe, na Kasigau iingizwe kwenye ramani ya ziara kabla ya Maktau.