Kabla ya kusema ndiyo kwa mgodi, uliza fidia ni shamba au ni pesa

1/ Mradi wa madini ukitajwa huku Kisii na Nyamira, mjadala hukimbilia kazi na pesa. Kabla hujashangilia ama kupinga, twende Kakamega kidogo. Historia iko na jibu.

2/ Mwaka wa 1930 wakoloni walipitisha sheria: ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao milele. Serikali ikichukua kipande, wenyewe wapewe ardhi nyingine.

3/ 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikageuzwa haraka: sasa mtu angeweza kulipwa pesa tu, bila shamba lingine. Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili.

4/ Na dhahabu? Rosterman, mgodi uliovuma sana huko, ulifungwa 1952.

5/ Leo tuko na Sheria ya Madini ya 2016. Mrabaha: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii. Wanasiasa hubishania hizo asilimia. Sawa, lakini mrabaha huisha mgodi ukifungwa.

6/ Sensa ya 2019: Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba, Nyamira zaidi ya 600. Ukishalipwa, shamba lingine utanunua wapi, na kwa nani?

7/ Kwa hivyo akija kuomba kura na habari ya mgodi, muulize: fidia ni shamba ama ni pesa? Imeandikwa wapi? Na nani anaweza kuifuta?