Maziwa kwa Mtoto wa Chatu: Swali Moja katika Historia ya Ankole

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanaishi watu wa mataifa mengi, na nimewasikia wazee wa pande mbalimbali wakisimulia habari za nyoka anayekunywa maziwa. Ninaandika nikiwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi hapa Mbarara, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Ankole. Hapa simulizi hizo zina historia iliyoandikwa. Swali langu ni hili: mtoto wa chatu alilishwaje?

Mmisionari Mwingereza John Roscoe, katika kitabu chake The Northern Bantu cha mwaka 1915, alieleza imani ya Wahima wa Ankole kwamba mfalme akifa hugeuka simba, wake zake huwa chui, na watoto wake huwa nyoka. Maiti zilipelekwa katika msitu wa Ensanzi. Huko, kwa maelezo yake, makuhani walimlea mnyama mchanga kwa maziwa.

Kwa mtoto wa simba jambo hilo lawezekana. Kwa chatu ni gumu. Chatu anapoanguliwa hubaki na akiba ya kiini cha yai tumboni, na kwa kawaida hali kitu mpaka ajivue gamba mara ya kwanza. Baadaye hutafuta windo dogo, kama panya, akiongozwa na harufu, mwendo na joto la mwili wake. Bakuli la maziwa halimvuti. Akibanwa na kiu anaweza kunywa, lakini maziwa hayawezi kumkuza.

Je, tuseme wale makuhani hawakujua? Wasomaji wengi wa vitabu vya wakoloni huishia hapo. Mimi nakataa, na sababu yangu iko Buddu, mashariki ya Ankole. Katika The Baganda cha mwaka 1911, Roscoe huyohuyo alieleza hekalu la Selwanga, chatu aliyetunzwa Bulonge. Mwanamke mtunzaji alimpa maziwa kila siku, lakini pia kuku na mbuzi walifungwa ukingoni mwa mto ili chatu awakamate. Waliomtunza walijua vizuri anachokula.

Kwa hiyo nadhani kulikuwa na milo miwili. Windo lilikuwa la nyoka. Maziwa yalikuwa ya mwana wa mfalme, kwa sababu Mhima aliishi kwa maziwa, na asingenyimwa chakula cha nyumbani kwao kwa kuwa amebadilika umbo. Katika habari za Ankole tumeandikiwa mlo mmoja tu. Huenda mwandishi hakuuliza zaidi, au aliyeulizwa alitaja kile alichokiona kuwa cha heshima. Kama mtoto wa chatu alikataa bakuli siku za kwanza, mtu aliyezoea nyoka hakuwa na haja ya kuhangaika.

Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, pamoja na falme nyingine za Uganda, na kazi ya makuhani hao haipo tena. Wazee wanaokumbuka masimulizi yake bado wapo. Wanafunzi wenzangu tutakaokwenda kuwahoji, tusiwaulize kama ni kweli nyoka hunywa maziwa. Tuwaulize: baada ya maziwa, alipewa nini?