Alama ya Pumu Katika Damu

Leo tutasoma habari za pumu, na jinsi wataalamu walivyoitafuta alama yake katika damu.

Zamani mtoto akibanwa na kifua usiku, akapumua kwa mlio kama filimbi, wengine walisema ni baridi, wengine walisema amerogwa. Hata madaktari hawakujua kwa nini vumbi la nyumba moja humdhuru mtoto huyu, na ndugu yake wanayelala pamoja hana habari.

Mwaka 1921, huko Ujerumani, walikuwako madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Bwana Küstner alikuwa hawezi kula samaki. Akila, mwili humvimba na kumwasha. Basi Prausnitz akachukua maji ya damu ya mwenzake, akajidunga katika ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Kesho yake akajidunga maji ya samaki mahali pale pale. Pakavimba! Na Prausnitz samaki walikuwa hawamdhuru kabisa. Ikajulikana kwamba katika damu ya Küstner mna kitu. Kitu gani? Jibu lilichelewa miaka 45.

Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikitambua. Mwaka 1967 S. G. O. Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Sweden, walikipata kwa njia yao wenyewe. (Miaka hiyo hiyo Sweden na jirani zake walikuwa wakijenga shule na kituo cha afya huko Kibaha.) Mwaka 1968 kikapewa jina la IgE.

IgE ni kingamwili, yaani askari wa damu. Hukaa juu ya chembe fulani za mwili, hata zile za njia ya pumzi. Mtoto mwenye pumu ya namna hii akivuta vumbi la mende, au la vidudu vidogo mno viishivyo katika magodoro, chembe hizo humwaga maji makali. Njia ya pumzi huvimba na kubana.

Lakini ngojeni. Mwaka huo wa 1968 Johansson na wenzake walitoa habari za damu ya watoto wadogo wa Ethiopia. IgE yao ilikuwa nyingi mno kuliko ya watoto wa Sweden, na ilizidi kwa wale wenye minyoo ya tumbo. Kumbe askari huyu hupigana na minyoo pia! Kwa hiyo mtoto wa pwani anaweza kuwa na IgE nyingi, wala asiwe na pumu. Ndiyo sababu daktari humwuliza mama: Je, hubanwa usiku? Nani mwingine katika ukoo ana pumu? Tena hupima choo. Siku hizi iko hata njia ya kupima IgE ya mende peke yake, au ya paka peke yake.

Maneno ya kuandika leo ni haya: pumu, kingamwili, minyoo.