Ukingo wa Rafu

Leo tuzungumzie kitu ambacho kila nyumba inacho na hakuna anayekitazama mpaka kimeharibika. Ni ukingo wa rafu. Sizungumzii rafu nzima, wala vyombo vilivyopangwa juu yake. Nazungumzia ile sehemu ya mbele, upana wa vidole viwili hivi, inayogongwa na sufuria, inayosuguliwa na kitambaa kila asubuhi, inayoshikwa na mtoto anayetaka kupanda kuchukua asichoruhusiwa. Ingia katika nyumba yoyote ya mjini iliyonunua kabati jipya la vyombo miaka mitatu iliyopita. Katikati ya rafu utakuta pazima. Ukingoni utakuta utepe umebanduka, mbao imevimba kama andazi, na mama mwenye nyumba amening'iniza kitambaa cha kufuma ili mgeni asione.

Kabati hilo halikununuliwa kwa bei rahisi. Huenda lilikula mshahara wa miezi kadhaa, au lilitokana na mchezo wa upatu uliosubiriwa mwaka mzima. Basi hebu tujiulize: watu wa pwani yetu waliokuwa na vyombo vya thamani kubwa kuliko hivi vyetu, tena katika hewa ya chumvi, wao walifanyaje?

Tuanzie Lamu. Katika nyumba za mawe zilizojengwa huko karne ya 18, ukishavuka daka, ukapita uwanja wa ndani ya nyumba na misana yake miwili, unafika chumba kiitwacho ndani. Chumba ni chembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao haukuzidi mita tatu kwa kawaida. Ukuta wa chumba hicho ulijazwa zidaka, au vidaka kama tungesema sisi wengine: safu juu ya safu ya visanduku vilivyo wazi upande wa mbele, kila kimoja na tao lake na nakshi zake. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, mengi yakiwa yametoka China.

Sasa angalia ujenzi wenyewe. Ukuta wa nyumba hizo ni jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu. Ni gumu, lina matundu, na likipasuka hupasuka ovyo. Ukitaka kulinyoosha liwe ukingo mkali, litakushinda. Wajenzi wa kale walilijua jambo hilo. Katika miji iliyotangulia, kama Kilwa, Songo Mnara na Gedi ambayo James Kirkman alianza kuichimbua mwaka 1948, ukuta wenyewe ulijengwa kwa jiwe la kawaida, lakini miimo ya milango na kingo za mihrabu zilipewa jiwe jingine: tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi, likachongwa kama mtu achongavyo muhogo, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Kulipata jiwe hilo kulikuwa na taabu. Ilibidi mtu aingie majini, akate, abebe, na fundi achonge kabla halijakauka. Taabu yote hiyo ilikwenda ukingoni.

Kufika karne ya 18 mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walikuwa wamehamia kwenye chokaa. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji na chokaa ikaachwa itulie. Kwa chokaa hiyo ndipo walipofinyanga kingo za zidaka na kuzichonga nakshi. Chokaa ina sifa moja ambayo sitaacha kuisifu: inakubali kuponywa. Ukingo ukimeguka, unaloanisha mahali palipomeguka, unapachika chokaa mpya, na vyote viwili vinashikana kwa sababu ni udongo mmoja. Kila nyumba ilipopakwa chokaa upya, kingo nazo zilipata ngozi nyingine. Ubaya wake ni kwamba ngozi hizo ziliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka nakshi zikazama, na wanaokarabati nyumba hizo leo hulazimika kuzikwangua taratibu ili ua lililochongwa lionekane tena.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna tabia ya kuisifu nyumba ya kale kana kwamba ilijisafisha yenyewe. Waungwana waliokuwa na zidaka walikuwa pia na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mikono iliyobeba mawe, iliyochoma chokaa na kupangusa vumbi, mara nyingi haikuwa mikono ya mwenye sahani. Tukisema kingo hizo zilitunzwa vizuri, tukumbuke pia zilitunzwa na nani.

Na zilipokosa wa kuzitunza, mambo yalibadilika haraka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyaona majumba ya Pate yaliyohamwa yapata miaka 200 iliyopita. Katika utenzi huo zidaka zilizokuwa za vyombo zimekuwa mahali pa kulala makinda ya ndege. Kwa mtu wa pwani, hiyo ilikuwa taarifa kamili juu ya kuanguka kwa ukoo.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha miaka ya 1950, na cha Wazo Hill mwaka 1966, na haikuchukua muda mrefu mfuko wa saruji ukawa rahisi kupatikana kuliko chokaa nzuri. Mtu mwenye nia njema akauona ukingo wa kidaka umemeguka, akauziba kwa saruji. Saruji ni nzuri mahali pake, hakuna ubishi. Lakini juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa ni ngumu mno, haiuachii unyevu utoke. Unyevu unabaki nyuma yake pamoja na chumvi, chumvi inasukuma, na siku kiraka kinapoanguka kinaondoka na nyama ya ukuta wa zamani. Mji wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, lakini cheo hicho hakikizuii kiraka cha saruji kudondoka.

Turudi kwenye kabati letu. Mbao za mninga na mvule zilivumilia. Fundi alizungusha ukingo kwa randa, akapiga vanishi, basi. Baadaye ikaja Formica, ambayo wengi wetu tuliiita fomeka. Iligunduliwa Marekani mwaka 1912 na Daniel O'Conor na Herbert Faber ili itumike katika vifaa vya umeme badala ya ulanga, madini yale yale yaliyopata kuchimbwa katika milima ya Uluguru, na jina lake linatokana na maana hiyo. Wale wenye umri watazikumbuka meza za fomeka zilizozungushiwa ukanda wa bati linalong'aa. Ukanda ule haukuwa pambo tu. Bila huo fomeka ingebanduka pembeni.

Na kwa asiye na fomeka, palikuwa na gazeti. Lilitandikwa juu ya rafu, likaachwa lining'inie mbele, likakatwa kwa mkasi kama meno ya msumeno. Sina shaka mazungumzo haya nayo yataishia huko, chini ya vikombe, na hayatakuwa yamepotea bure.

Matatizo yetu ya leo yametokana na chipbodi, yaani mbao iliyoshindiliwa kwa vipande vya mti na gundi, ambayo ilianza kutengenezwa viwandani Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mbao nzima ilipokuwa adimu. Uso wake umefunikwa, hivyo maji hayaingii kwa urahisi. Ukingo wake ni kidonda wazi. Watengenezaji hukifunika kwa utepe mwembamba uliobandikwa kwa gundi ya moto, na gundi hiyo haipendi mvuke wa jikoni wala maji ya kudekia. Tone likishaingia, zile chembe hunywa maji, huvimba, na hazirudi tena. Hapo hakuna cha kuloanisha na kupachika, kama kwenye chokaa.

Kwa hiyo kazi ifanyike kabla. Mwite fundi seremala kabati likiwa bado jipya. Abandue ule utepe, apake gundi ya mbao ukingoni mara mbili ili vitundu vizibe, kisha abandike na kugongomea ukanda wa mninga wa nusu inchi, wenye kona iliyozungushwa kwa msasa. Rafu ya chini kabisa, ile iliyo karibu na sakafu, aianze hiyo, na asisahau upande wake wa chini, maana maji ya kudekia yanapitia huko.