Mwaka 1885 na ziwa letu

Vijana wenzetu, mtihani wa taifa umekaribia. Hapa Nyarugusu, sisi wa kujitolea tunakaa kila jioni na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tunarudia historia. Vitabu ni vichache: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanaandika.

Kosa moja halituachi: “Mkutano wa Berlin ulichora mipaka yote ya Afrika.” Hapana, jamani. Ule mkutano, Novemba 1884 hadi Februari 1885, uliweka kanuni za kuteka pwani za Afrika na za biashara huru katika bonde la mto Kongo. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba. Huu wetu, Leopold II aliutangaza Agosti 1885: mstari unapita katikati ya Ziwa Tanganyika.

Tulipofika hapo, binti mmoja akauliza: “Ni ule tulivuka usiku na mtumbwi?” Ni ule ule. Tukanyamaza wote.

Basi msikariri tarehe tu. 1885, Kongo mali ya Leopold. 1908, mali ya Ubelgiji. 30 Juni 1960, uhuru. Kila mara jiulizeni: nani aliamua, alitaka nini, nani hakuulizwa? Ukijua sababu, majibu ya mtego hayakuchanganyi.

Diploma ndiyo karatasi itakayosema tulisoma huku, hata siku tukirudi nyumbani. Wenye madaftari ya zamani, tafadhali leteni. Tunayahitaji wiki hii.