Kupiga Mbizi Ndani ya Mgodi Uliojaa Maji: Rada Yote Unafaa Kujua

Kuna wasee duniani hulipa doh ndefu waingie shimo la giza, chini ya ardhi, halafu chini ya maji. Na wanarudi juu wakicheka. Kama umeona zile video ukabaki kuuliza "hawa wako sawa kweli?", hii story ni yako.

Maji yalitoka wapi?

Mgodi ukichimbwa chini sana, lazima upatane na maji ya ardhini. Wachimbaji huweka pampu zinazofanya kazi usiku na mchana. Siku kampuni inafunga na pampu zinazimwa, maji yanarudi polepole, yanajaza kila kijia. Hakuna mawimbi na hakuna mto unaoleta matope, kwa hivyo maji hutulia hadi yanakuwa safi kama kioo.

Bonne Terre, baba yao

Mgodi unaojulikana sana kwa hii mchezo uko Bonne Terre, jimbo la Missouri, Marekani. Watu walichimba hapo madini ya risasi, yale ya kutengeneza betri za gari, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1962. Una ghorofa tano kwenda chini, na zile za chini zimemezwa na maji.

Miaka ya 1980 wapiga mbizi walifunguliwa milango. Wenyewe waliweka taa kubwa kwa dari, ukiogelea unaona nguzo za mawe zenye urefu wa majengo, mikokoteni ya madini na vifaa vilivyoachwa hapo. Maji hukaa nyuzi 14 hivi mwaka mzima, na unaweza kuona zaidi ya mita 30 mbele. Hata mpelelezi wa bahari Jacques Cousteau alifika hapo na kamera zake. Lakini huzururi ovyo: unafuata mwelekezi, njia imepangwa.

Kwa nini ni noma kuliko bahari?

Baharini ukijam, kuna njia ya kupanda juu pole pole. Ndani ya mgodi, juu yako ni mwamba. Lazima urudi na ile njia uliingilia. Hapo ndio ngori inaanza:

1. Vumbi. Chini kuna tope laini. Piga teke moja vibaya na maji yanageuka chai ya maziwa, hata tochi haisaidii.

2. Dari. Povu la pumzi yako likigonga dari, linaweza kuangusha kutu na vipande vya mawe.

3. Hewa. Kwanza, kwa mtungi wa kawaida si oksijeni tupu, ni hewa hii ya kawaida iliyoshindiliwa. Kila mita 10 ukishuka, presha inaongezeka. Ukiwa mita 30 unatumia hewa mara nne ya vile ungetumia juu. Mtungi wa saa moja unakuwa wa dakika 15.

4. Kichwa. Kuanzia mita 30 hivi, nitrojeni inaweza kukulewesha kama mtu amepiga keg. Unaanza kuona kila kitu kiko fiti, na hakiko.

Sheria za kukurudisha nyumbani

Sheria ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kuingia, moja ya kutoka, na moja huigusi, ni ya dharura, yako ama ya mwenzako. Fikiria kwenda Naivasha na boda na hakuna petroli njiani. Huwezi tumia nusu tank kwenda, ju kitu kidogo kikiharibika umebaki.

Kisha kamba: inafungwa nje na haikatiki hadi ndani. Tochi ni tatu kila mtu, ju moja ikizima na ya pili ikafuata bado una macho. Na hakuna kwenda peke yako ama bila mafunzo ya mapango. Cheti cha baharini pekee hakitoshi.

Na sisi wa huku?

Ukitaka kuanza, anzia Pwani. Diani na Watamu kuna shule za kupiga mbizi, na Mombasa kuna meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi 2002 iwe nyumba ya samaki. Ukishapata uzoefu, ndio uongee mambo ya migodi.

Lakini usichukue hii story ukaipeleka kwa quarry ya mtaa. Yale mashimo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua humeza vijana wetu kila mara. Kingo zimesimama wima kama ukuta, hakuna pa kushika ukitoka. Kina kinabadilika ghafla, na huoni mawe na vyuma viko chini. Bonne Terre kuna taa, mwelekezi na mtungi wa akiba. Kwa quarry kuna wewe na mbogi inayokuchocha kwa kingo, na wengi wao hawajui kuogelea. Mmoja akizama, usiruke. Mrushie kamba, mti mrefu ama jerikeni tupu iliyofungwa, kisha piga nduru watu wakuje.

Kama kuna dogo wa kwenu hupenda kuenda huko Jumamosi, mtumie hii.